Kabati Lisilokauka

Jumatatu, 16 Novemba 1964

Priscah ametoka kuegemea kabati sasa hivi. Shavu lote jeusi, na sikio, na ile gauni yake ya njano. Nimemsugua kwa sabuni mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Hakulia. Alinitazama tu, kama mgeni anayengoja kuambiwa akae. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane anasuguliwa hivyo na halii. Zamani angeniuma kidole.

Kabati lililetwa juzi na fundi Khisa kwa mkokoteni. Mume wangu Barnaba alimwagiza tangu mwezi wa nane, kabla hajarudi Turbo kwa kazi yake ya kupasua mbao. Ni zuri, siwezi kudanganya. Milango miwili, rafu mbili, na wavu wa kuzuia nzi. Lakini fundi amelipaka oili chafu ya lori kutoka juu mpaka miguuni, ndani na nje. Alikuwa na furaha. Alisema, Mama Priscah, hii mchwa atainusa na kurudi kwao. Ni kweli huku kwetu kila nguzo ya nyumba hupakwa hiyo. Lakini nguzo haiwekewi unga.

Mama mkwe alikuja akalizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Akanusa. Akasema yeye hawezi kuweka unga wake ndani ya kitu kinanuka lori. Nikamwambia basi tuache kabati, aweke tu kwa kikapu kama watu wengine. Akasema hapana. Mume wako ndiye alisema jikoni kwake kuwe na kabati kama la mzungu. Mwanamume akishasema, mimi si wa kumrudisha chini. Libadilike, ndio nije.

Naandika ili nijue ninangoja nini. Tangu niolewe napika kwa jiko la mama mkwe. Jiko langu limejengwa tayari, la udongo na nyasi, ila halina moto. Siku mume yuko nyumbani, mama yake ndiye anakuja na mkono wake mwenyewe, anapanga mafiga matatu, anaweka unga wa kwanza. Kuanzia hapo chungu ni changu. Barnaba anakuja Jamhuri, siku chache tu, halafu mpaka Pasaka. Kwa hivyo ni tarehe kumi na mbili ama Pasaka.

Na kwa jiko la mama, Priscah hapewi yai. Msichana hali yai, wala kuku. Ndivyo yeye alilelewa, ndivyo alilea wake.


Alhamisi, 19 Novemba

Kliniki. Tulifika mapema, foleni ilikuwa mpaka barabarani. Dresa, yule msaidizi wa daktari, alimshika Priscah mguu, akabonyeza na kidole gumba. Akatoa kidole. Kishimo kikabaki.

Akaniambia nitazame nywele zake. Kwani sijui? Mimi ndiye ninazichana. Zimekuwa nyekundu kama za mahindi. Akauliza anakula nini. Nikasema obusuma, ugali wetu, na mboga, uji asubuhi. Maharagwe? Yanamharisha. Maziwa? Ng'ombe amekauka mpaka azae. Akaandika kwa kadi. Akanipa pakiti moja ya maziwa ya unga, akasema mengine labda mwezi ujao, labda. Halafu akasema yai, kila siku yai moja. Una kuku?

Nina kuku. Ndugu yangu alinipa mmoja nilipozaa. Anataga vizuri sana, mayai namuuzia Swaleh wa duka.

Dresa akasema, basi unangoja nini?

Ningemjibu nini? Ninangoja kabati.


Jumapili, 22 Novemba

Barua ya Barnaba imefika, imeletwa na mtu wa kanisa. Anasema oili si shida, likipakwa rangi harufu itakwisha, nichague rangi nzuri, yeye ananiamini. Hakuandika rangi gani. Ananiamini! Mimi niliacha shule darasa la nne. Rangi niliyowahi kupaka ni udongo mweupe wa mtoni, kwa ukuta, na mkono.

Baada ya kanisa nilimuuliza Ayuma, jirani yangu. Yeye aliniambia nitumie chokaa. Chokaa inaua harufu, hata ya choo inaua. Ana nusu debe imebaki.

Kesho nitapaka. Priscah amekunywa maziwa ya kliniki, kikombe chote. Amenishika sikio akilala. Nilikaa hivyo mkono ukafa ganzi.


Jumanne, 24 Novemba

Jana kabati lilikuwa jeupe kama yai. Nilisimama mlangoni nikalitazama mpaka Ayuma akanicheka, akasema nimepata bwana mwingine.

Leo asubuhi ni la kahawia. Oili imetoka chini ikapanda juu, madoa madoa, kama mtu ametapika chai. Mchana chokaa ikaanza kubanduka. Magamba yanaanguka yenyewe. Mama mkwe alipita na jembe begani. Aliokota gamba moja, akalivunja kwa vidole, akaenda zake shambani.

Nimelikwangua lote kwa kisu.


Jumatano, 25 Novemba

Leo nimefanya jambo. Nalisema hapa tu.

Maziwa ya kliniki yamekwisha. Nilichukua yai moja nikaenda kwa Ayuma, nikamwomba moto. Alinitazama, akafunga mlango wa nyuma. Tulichemsha. Nikampondea Priscah na chumvi kidogo. Mwanzo alitema. Halafu akala nusu. Halafu akafungua mdomo mwenyewe kutafuta ile nusu nyingine! Nilitaka kulia. Ayuma akasema, ona, si mgonjwa huyu, ana njaa tu ya kitu kizuri.

Nilimpangusa vizuri. Nilidhani vizuri.

Mama mkwe alimchukua nilipokuwa kisimani. Aliona njano kwenye mkunjo wa shingo. Niliporudi alikuwa amekaa naye mapajani, anamsafisha na kona ya leso. Hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Aliniambia polepole kama anayefundisha mtoto: huyu ni msichana. Akizoea yai, ataolewa wapi? Ataambiwa mama yake alikuwa mlafi akamharibu. Na akikosa kuzaa, utasimama wapi wewe? Mimi nililea wanane kwa obusuma na mboga.

Nilitaka kusema wawili walikufa. Ninajua majina yao. Alikuwa anambembeleza mtoto wangu kwa sauti ya upendo kabisa.

Kuanzia leo Priscah anashinda naye mchana kutwa. Nipumzike, amesema.


Jumamosi, 28 Novemba

Khayega, kwa duka la Swaleh. Nilibeba mayai kumi na tano kwa kikapu chenye majani.

Swaleh ni mtu wa Mumias, mpole, husalimia mtu mpaka akaulizia na kuku. Nikamwambia nataka rangi ya kabati la jikoni. Akauliza, la mbao? La mbao. Basi usiniambie chokaa, na usiniambie rangi ya maji. Hiyo ni ya ukuta. Jikoni kuna moshi, kuna mvuke, kuna mikono ya mafuta. Unataka rangi ya mafuta, ile inang'aa, ukipangusa na kitambaa moshi unatoka. Akanionyesha ubao wa kaunta yake. Miaka mitano, alisema, na ona.

Rangi gani sasa? Nilitaka kijani. Akacheka. Nchi yote imejipaka kwa ajili ya Jamhuri, dada yangu. Nyeusi imekwisha, nyekundu imekwisha, kijani ilichukuliwa na mwalimu mmoja akapaka hata baiskeli. Nimebaki na ya malai, ile ya utando wa maziwa, na hii ya waridi ambayo hata shetani hataki.

Nikachukua ya malai.

Akauliza tena, mbao ni mpya? Haijapakwa kitu? Nikasema ni mpya. Sikutaja oili. Niliona haya, ningeonekana mtu wa porini amepaka kabati kama nguzo ya boma. Na fundi hakuwa amekosea, kila mtu hufanyanga hivyo. Akachukua mayai, akanipa mkebe na brashi kuukuu.

Njiani mvua ilinikuta. Nilifunika mkebe na leso, mimi nikalowa.


Jumatatu, 30 Novemba

Nimepaka jana, baada ya kanisa. Mungu anisamehe, Jumapili.

Inapendeza. Malai laini, inang'aa, unaweza kujiona kivuli. Harufu ya lori imekwisha, iko ya rangi tu. Swaleh alisema siku moja na usiku mmoja itakuwa imekauka.

Leo asubuhi niligusa na kidole. Bado. Saa sita nikagusa. Bado. Ni mvua hizi. Kila alasiri zinapiga mpaka tope linaingia mlangoni. Nimeliwekea mawe chini ya miguu.


Alhamisi, 3 Desemba

Bado.

Siku nne sasa. Natoka shambani nakwenda kugusa kabla hata sijanawa. Kidole kinashika, nikikitoa kinaacha alama ya kidole changu chote, na mistari yake. Zimejaa hizo alama upande mmoja. Unyoya wa kuku umenasa. Nzi wawili. Ayuma alipitisha gauni yake karibu, ikashikwa, akasema kabati langu linatafuta mume, linamshika kila anayepita.

Nilicheka naye. Halafu akaenda, nikakaa chini.

Priscah ameletwa na mama saa kumi. Nilimvua viatu vya kushona. Kamba zimeacha mifereji juu ya miguu, haifutiki. Nilibonyeza mwenyewe, kama dresa. Nikahesabu mpaka thelathini. Kishimo bado kiko.


Jumapili, 6 Desemba

Leo nilikwenda kwa fundi Khisa, nyumbani kwake, nikamwambia rangi haikauki. Alikuwa anakula. Akauliza, uliosha oili kwanza? Nikasema hakuna mtu aliniambia. Akasema, na mimi hakuna mtu aliniambia utapaka rangi! Mimi niliambiwa kabati, nikalikinga na mchwa. Rangi ya mafuta juu ya oili chafu, Mama Priscah? Hiyo utangoja mpaka huyo mtoto aolewe.

Mke wake alimwambia anyamaze.

Halafu akaona uso wangu, akaacha kula. Akasema nikwangue yote, nioshe na mafuta taa, halafu na magadi ya moto, halafu jua siku mbili. Lakini akasema ukweli: oili imeingia ndani ya mbao. Utaosha ya juu. Ya ndani itarudi.

Basi hakuna dawa? Akasema iko rangi ya fedha, ile hupakwa matangi ya maji na mabati. Hiyo hukaa katikati kama ngozi, inazuia oili isipande. Juu yake ndipo unapaka rangi yako. Alionanga wazungu wakifanya hivyo kwa milingoti ya lami. Ni ghali lakini.

Nimekwangua mchana wote. Rangi inatoka kama utando wa maziwa. Nzuri sana, malai nzuri, kwenye majivu.


Jumanne, 8 Desemba

Sikuwa na mayai ya kutosha. Nilimbeba kuku.

Swaleh alipomwona alisema, huyu ndiye mwenyewe? Nikamwambia yote sasa, oili na haya yangu. Hakunicheka. Alisema ungeniambia siku ile, dada, ningekwambia mwenyewe, rangi haidanganywi, watu ndio hudanganywa. Akapanda ngazi akanitafutia mkebe mdogo wa rangi ya fedha, uliobaki wa mtu aliyepaka tangi. Akanijazia na malai nyingine kidogo bure. Akauliza mtoto hajambo. Nikasema hajambo.

Nilikuwa nimeshavuka daraja ndipo ikanijia. Jiko nitapata. Na mayai nitatoa wapi?

Nilisimama hapo barabarani. Nikafikiria kurudi. Lakini nikirudi nina kuku na sina jiko, nikienda nina jiko na sina kuku. Watu walikuwa wanapita na bendera ndogo za karatasi. Nikaendelea tu kutembea, maana mguu ulikuwa umeshaelekea nyumbani.

Yako mayai matatu aliyotaga kabla. Nimeyaficha ndani ya mtungi mkavu. Barnaba akija ataweza kununua kuku mwingine. Nitamwomba vizuri. Yeye si mtu mbaya.

Jua limewaka leo, ni la kwanza tangu mwezi huu uanze. Jana nililiosha na mafuta taa na magadi, leo nimepaka fedha nje yote. Mkebe umekwisha nje. Ndani, rafu, hakuna kitu. Ndani nitaosha tena na magadi na kupaka malai hivyo hivyo. Labda. Nimeomba pia. Ni ajabu kumwomba Mungu akaushe rangi, lakini nimeomba.


Ijumaa, 11 Desemba

Barnaba alifika jana na basi. Amekonda, ana vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Alimrusha Priscah juu kama zamani, naye hakucheka. Akamrusha tena. Halafu akamshusha, akaniuliza, amekuwaje? Nikamwambia ya kliniki yote. Akasema kesho kutwa mambo yatakuwa mengine, jiko likiwa lako utafanya unavyoona. Nilifurahi. Nilifurahi usiku kucha.

Nje ya kabati, malai juu ya fedha, imekauka. Kweli imekauka! Barnaba alipiga na kiganja, akasema hata la meneja wake haling'ai hivi. Alilipenda sana. Akamwita mama yake aje aone.

Mama alikuja na unga kabisa, ndani ya kikapu kidogo, umefunikwa na kitambaa kipya cheupe. Alikuwa amevaa nguo ya kanisa. Niliona kwamba yeye pia alikuwa anangoja siku hii. Alikuwa amechagua mawe matatu mtoni mwenyewe, ameyaosha, yako nje kwa ukuta. Alipapasa mlango. Akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Akafungua.

Akatoa bakuli la unga, akaliweka kwenye rafu ya juu kujaribu. Tukakaa kidogo, tukaongea habari ya Turbo. Halafu akaliinua. Halikuinuka. Akavuta, likatoka na ngozi nzima ya rangi chini yake, na nyuma ikabaki mbao nyeusi, na ile harufu.

Alilitazama bakuli lake chini. Akalipangusa na jani la mgomba, polepole. Akafunika unga. Akasema, Pasaka si mbali.

Nilimtazama Barnaba. Nikasema mbele yao wote wawili, sijawahi kufanya hivyo, nikasema mama, weka kwa kikapu, nakuomba, mtoto hana mpaka Pasaka. Mama akamtazama mwanawe. Angesema neno moja tu. Yeye akapapasa mlango wa kabati. Akasema, mama ameshasema. Na kwamba ataacha pesa ya rangi nyingine ya fedha.

Mama alipotoka alimchukua Priscah, akambeba mgongoni na leso yake.


Jumamosi, 12 Desemba

Ngoma zinasikika tangu asubuhi. Barnaba ameondoka na wenzake kwenda uwanjani kuona maonyesho, na Ayuma na watoto wake, na karibu kila mtu. Mama mkwe hakwenda, anaumwa goti. Amelala kwake. Alinirudishia Priscah asubuhi, akasema hataki uji.

Macho yake yamevimba. Kope zimejaa, anafungua kidogo tu, kama mstari. Nilimwita Priscah, Priscah. Akageuza uso kwa sauti, si kwa mimi. Mkono wake nikiushika ni baridi na ni mzito kuliko mkono wa mtoto. Nimeipima kwa moyo wangu safari ya kwenda hospitali leo. Leo ni sikukuu, hakuna basi wala dresa. Kesho nitambeba hata kwa miguu, Barnaba apende asipende.

Lakini njaa anayo leo.

Nimechukua yale mawe ya mama, moja moja, yalikuwa bado kwa ukuta. Mazito. Nimeyapanga mwenyewe katikati ya jiko langu. Sijui kama kuna neno husemwa wakati wa kuyapanga. Mimi nilisema tu Priscah. Nimewasha kwa kiberiti, na vijiti vya kukwangulia vilivyoshikwa na malai, vimewaka vizuri sana, vimenuka vibaya. Sufuria iko juu. Mayai yote matatu. Nimekaa chini, yeye yuko mapajani amelala kichwa kwenye kifua changu, na daftari liko juu ya goti. Nahesabu. Nikifika mia tatu yatakuwa tayari.

Sikufikiria moshi. Nimetazama juu sasa, unapita kwenye nyasi za paa. Nje utakuwa unaonekana mpaka barabarani, moshi kutoka jiko ambalo halina mwenyewe.

Mia na themanini.

Mlango wa mama umelia. Namsikia na fimbo yake. Anauliza, Mama Priscah, moto wa nani huo? Sauti si ya hasira bado, ni ya mtu hajui. Maji yanachemka, yai moja limepasuka kidogo, nyeupe inatoka. Priscah amefungua macho kwa harufu. Amefungua mdomo.

Anaita tena, yuko karibu, sasa anaita jina langu la kwetu, anasema Navalayo, toka. Nitatoka. Mia mbili na kumi. Acha kwanza nimenye hili moja lililopasuka, halafu nitatoka nimsalimie kwa heshima na nimwambie mama, huu moto ni wa—